Mguu Chini ya Pazia

Tumpe alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika nguo, akaniambia mama yake amefariki. Alisema, "Mama mkubwa, mama ametuacha," kisha akanyamaza, akisubiri nilie ili naye alie. Sikulia. Nilimuuliza maziko ni lini, nikamwambia nitafika, nikamalizia kuanika shuka iliyobaki kwenye beseni. Nimekuwa muuguzi karibu maisha yangu yote, na watu hudhani ndiyo sababu. Wanasema kazi imetuzoesha vifo. Si kweli, kifo cha mtu uliyemjua hakizoeleki. Ila nilipokwenda kijijini Masoko siku iliyofuata, ukungu umelala juu ya migomba kiasi kwamba nyumba za kando ya njia zilionekana tu ukishafika mlangoni pake, nilijua kwamba ninaurudia mwaka mmoja. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mwaka nilioishi Tukuyu bila kusikia uchungu wala utamu wa kitu chochote, nikamfundisha Sekela, mama yake Tumpe, kuuguza mguu wa mtu ambaye hakuruhusiwa kumtazama.

Msibani nilikaribishwa kwenye mkeka wa wanawake, nikapewa chai na ndizi za kuchemsha. Walikuwa wakizungumza kama watu wanavyozungumza misibani: kwamba wali wa jana chumvi ilizidi, kwamba mpishi aliletwa na shemeji wa nani sijui, kwamba turubai limefungwa vibaya na mvua ikija litatumwagikia sote. Bibi mmoja aliniuliza kwa Kinyakyusa mimi ni nani wa marehemu, na alipoona nimechelewa kujibu akauliza tena kwa Kiswahili. Nilimwambia nilikuwa nesi wa huku zamani. Akamgeukia mwenzake, akasema, "Kumbe ndiye huyu wa pazia." Msichana aliyekuwa akimenya vitunguu akauliza pazia gani, na wale bibi wakaanza kumweleza, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alisema mzee alikuwa na ukoma. Mwingine alisema nesi alimlazimisha Sekela kuvunja mila mbele ya watu. Sikuwasahihisha, kwa kuwa msiba si mahali pa kubishana, nami nilikuwa natazama mvuke wa chai yangu tu. Lakini ningependa jambo hilo lielezwe kama lilivyokuwa, na ndiyo maana ninaandika sura hii.

Nilipanga chumba mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, kwenye nyumba ya Bi Rehema na mumewe, fundi cherehani. Walikuwa Waislamu kama mimi, wazee wao walifika na biashara ya vitambaa kutoka pwani na hawakuondoka tena. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, meza, na dirisha lililotazama jiko la uani. Mvua ilipiga bati karibu kila siku, na sikumbuki kuvaa sare yangu ikiwa imekauka sawasawa. Alfajiri nilimsikia Bi Rehema akikoroga unga wa vitumbua, harufu ya iliki ikipenya chini ya mlango, na fundi akimwambia maneno yale yale ya kila siku kwamba sukari imepungua, naye akimjibu kwamba aliyeona imepungua aongeze ya mfukoni mwake. Kisha alinigongea, akaniachia kisahani cha vitumbua vya moto. Nilivila vyote kila siku, na mpaka leo siwezi kukwambia vilikuwa na ladha gani. Yaliyonipata kabla ya kufika Tukuyu nimeyaeleza katika sura iliyotangulia, mtoto niliyemzika na ndoa iliyokwenda pamoja naye, na sitayarudia. Nitasema tu kwamba watu walitarajia nifike nikiwa na huzuni, na mimi mwenyewe nilitarajia hivyo, lakini sikuwa nayo. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaubinya, na habari haikufikii.

Kliniki ya ugonjwa wa sukari ilikuwa kila Alhamisi, kwenye kituo kidogo cha afya nilichopangiwa njia ya kwenda Masoko. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi ya kibarazani, nami nikasimama mbele yao na kuwaeleza. Sehemu hiyo ya kazi niliipenda tangu chuoni, na hata mwaka ule, ambao sikupenda kitu, niliweza kuifanya. Nilianza na chakula kwa sababu ndicho walichokijua. Sikuwaambia waache ndizi. Mtu wa Rungwe ukimwambia aache ndizi umemwambia ahame. Niliwaambia sahani igawanywe: nusu yake mboga za majani, robo maharage au samaki, robo iliyobaki ndizi, na ndizi iliyoiva isiwe ya kula kutwa. Mama mmoja aliuliza kama parachichi nalo limepigwa marufuku. Nikasema parachichi ni rafiki, ila hata rafiki hashindi kwako kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wakacheka. Sauti yangu ilikuwa na joto, na niliisikia kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili, nikashangaa inatoka wapi.

Mzee Ambakisye alikuja Alhamisi mojawapo mwanzoni mwa mvua kubwa, amevaa koti na kofia ya pama, mguu mmoja una kiatu na mwingine una ndala. Nyuma yake, mbali, upande wa pili wa barabara, alisimama mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, amejifunika kanga mpaka usoni, amegeukia migomba. Nilimvua mzee ndala, nikakuta chini ya kidole gumba kidonda chenye kingo ngumu, na katikati kimelowa. Tuliagiza kiatu chake cha pili kiletwe, na ndani yake tukakuta ncha ya msumari imetokeza kwenye soli. Alikuwa ametembea juu ya msumari ule kwa muda asioujua. Nilimuuliza kwa nini hakuja mapema. Akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mguu hauumi, na ungeuma angekuja.

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nilimweleza kwamba hapo ndipo penye shida. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mguuni kwenda kichwani, na huanza na ile mirefu zaidi, ya nyayo. Damu nayo inafika kwa taabu, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona. Mguu wa namna hiyo unaweza kuchomwa na mwiba au kuungua na usiseme chochote. Kwa hiyo lazima macho yafanye kazi ambayo maumivu yameiacha: mguu utazamwe kila siku, juu, chini na katikati ya vidole, na kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila siku. Mzee alisema macho yake yana ukungu kuliko Rungwe nzima, na unyayo wake hajauona tangu mkewe alipofariki. Nikamuuliza nani yuko nyumbani. Mabinti walikuwa wameolewa mbali. Mtoto wake wa kiume alikuwa Chunya, kwenye dhahabu. "Yupo huyo," akasema, akanyoosha fimbo kuelekea barabarani bila kugeuza kichwa.

Huyo alikuwa Sekela, mke wa mtoto wake. Nilimwita aingie, hakuingia. Nilidhani ni aibu ya mgeni, nikatoka nikamfuata, tukaketi nyuma ya jengo kwenye ngazi ya stoo. Nilimfundisha kunawa mikono, kuchemsha maji na kuyaacha yapoe kabisa, kuweka chumvi kidogo, kusafisha kidonda bila kukisugua, kukausha katikati ya vidole, kufunga bandeji isiyobana. Kisha nikamwomba anifundishe mimi, kama vile mimi ndiye sijui. Nimewafundisha watu wengi tangu wakati huo na wachache walinirudishia somo kama yeye. Hakuacha kitu. Hata lile la maji kupoa alilisema mara ya pili bila kuulizwa. Nilimpa pamba, bandeji na dawa, akapokea kwa mikono yote, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, sista." Nilirudi ndani nimeridhika kwa namna ambayo mtu huridhika akiona mlango umefungwa vizuri.

Alhamisi iliyofuata mzee alirudi na ngozi ya unyayo imevimba malengelenge, nyingine imechunika na kuning'inia. Alikuwa ameungua. Hakujua kwamba ameungua. Tabibu wetu, kijana makini asiye na maneno mengi, alimpima, akanivuta pembeni akaniambia kwamba kidole kimeanza kubadilika rangi, na weusi ukipita kidole kwenda mguuni, tutamwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, na huko mguu utakatwa. Mzee alikuwa amesikia. Alivaa kofia yake, akasema kwa sauti ile ile ya upole kwamba hatakatwa. Wenzake wote waliokatwa mguu aliwazika. Kama ni kufa, atakufa na miguu yake miwili, nasi tuache kuandika karatasi.

Jioni ile Bi Rehema alinikuta nimeketi mbele ya sahani ya ndizi na maharage bila kula, akauliza nani kanikera. Nilimweleza. Aliweka mwiko chini na kunitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea sokoni. "Wewe umemwambia mkwe wa Kinyakyusa akamwoshe baba mkwe miguu?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. "Zuhura, mwanangu, ungeniambia mimi nikamwogeshe imamu." Ndipo aliponieleza. Kwa wazee wa pale, hasa vijijini, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Hamtazami, hasemi naye, haingii chumba alichomo. Akimwona njiani anapita shambani na kujifunika. Si chuki, alisema, wala si woga, ndiyo heshima yenyewe, na mwanamke anayeishika vizuri anasifiwa. Mjini watu wameilegeza. Masoko, kwa mzee kama yule, bado. Nilimuuliza kwa nini basi Sekela hakuniambia. Bi Rehema akasema, "Kwani wewe ulimuuliza? Ulimfundisha, akafundishika. Angekukatalia nesi?"

Siku ya mapumziko nilikwenda Masoko kwa miguu kuona jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika. Nyumba ilikuwa na sebule, chumba cha mzee kikifungukia kibarazani, na jiko la nje lenye mafiga. Sekela alinieleza bila kuficha, macho yake kwenye sufuria. Kila asubuhi alichemsha maji kama nilivyosema, akayaweka kwenye beseni pamoja na pamba na bandeji, akalipeleka mlangoni kwa mzee, akakohoa ili ajue, akaondoka upesi kwenda migombani kabla mzee hajatoka. Alitaka maji yapoe pale pale. Lakini mzee, akisikia kikohozi, alidhani maji yako tayari. Alitoka, akaketi, akatumbukiza mguu wote. Mguu haukusema kitu. Aliuacha humo akivuta tumbaku yake, na baadaye akajifunga bandeji kwa kupapasa. Yeye alitii alichosikia na Sekela alitii nilichomfundisha, na katikati yao hapakuwa na mtu wa kuingiza kiwiko ndani ya maji.

Nilikaa naye jikoni tukimenya ndizi. Sikuwa na hasira wala huruma. Nilikuwa na swali tu mbele yangu, kama la mtihani. Nilimwambia ukweli: mguu ule usipotazamwa na mtu mwenye macho kila siku, utakatwa, na akikataa kukatwa, atakufa. Alimaliza kumenya ndizi aliyoishika. Halafu akauliza, "Lazima nimwone?" Nikasema lazima mguu uonekane. "Mguu tu?" Nikafikiri kidogo. Mguu tu, nikasema. Aliosha mikono yenye utomvu, akaingia ndani akarudi na kitenge kikubwa cha bluu, akakipima kwa mikono kutoka juu ya mlango wa mzee mpaka karibu na sakafu, akaacha nafasi ya kutosha kigoda.

Mzee ndiye aliyekuwa kazi. Nilimweleza mpango huo akiwa ameketi kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja. "Atanigusa?" Nikamwambia atavaa glavu. Akataka kuiona. Nilitoa moja mfukoni, akaivuta, akaipuliza ikavimba kama kiwele cha ng'ombe, akaichunguza vidole vyake vyote. Akasema, "Basi itakayonigusa ni hii." Nikasema ndiyo, ni hiyo. Akanirudishia, akajilaza chali na kuelekeza miguu mlangoni. Nilidhani ningecheka nikifika barabarani, lakini nilipofika nilikuwa nimeshasahau.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi pazia lilishuka, mguu ukatokeza chini yake juu ya kigoda, na Sekela akaketi upande wa kibarazani na kuufanyia kazi. Nilikwenda mara kwa mara baada ya zamu. Nilimfundisha kuupima mguu kwa kuutazama: wekundu unaokaa mahali pamoja na wekundu unaopanda, majimaji meupe na usaha, harufu ya kidonda kinachopona na harufu ya kile kinachooza. Nilimwambia asiloweke mguu tena, auoshe na kuukausha tu, na maji ayajaribu kwa kiwiko kwanza. Nilimfundisha kukata kucha kwa kunyooka, bila kuchimba pembeni. Aliuliza maswali mazuri. Kwa nini kidonda hakiletwi juani kikauke? Kwa nini watu wanaokuja kumwona mgonjwa wanaleta soda, na soda wamwage wapi bila kuwaudhi? Tukakubaliana soda wanywe wageni wenyewe, na mzee aseme amefunga.

Shida ilikuwa maneno, kwa kuwa Sekela hakuweza kumwambia mzee kitu wala mzee kumjibu. Walitumia kuku. Palikuwa na kuku jike wa kijivu aliyeshinda kibarazani, na siku moja, kipindi cha baridi, nilimsikia Sekela akimwambia kuku yule kwa sauti ya kutosha, "Wewe kuku, jana umekaa na mguu motoni, nimeona majivu. Ukiungua tena sista atakuchinja." Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Kisha mzee akasema, "Kuku huyu anakaa na mguu motoni kwa sababu huku ndani ni baridi. Mwenye kuku alete blanketi." Blanketi likaja. Siku nyingine mzee alimlalamikia kuku kwamba ndizi zimekuwa chache sahanini, siku hizi anapewa majani kama mbuzi; Sekela akamwambia kuku kwamba mbuzi hana kidonda. Niliwaeleza wagonjwa wa Alhamisi kisa hicho bila kutaja majina, wakafurahi sana. Bi Rehema alikitaka kila jioni. Nilikisimulia vizuri. Lakini nilikuwa kama ninayemsimulia mtu mmoja kilichomchekesha mwingine, mimi mwenyewe simo.

Kidonda kilianza kufunga. Sehemu iliyoungua ilipata ngozi mpya, ya waridi. Kidole chenyewe kilibaki na weusi kwenye ncha, mkavu, usiopanda, na tabibu alisema tuuache, tuutazame. Glavu za kituo ziliadimika, Sekela akaanza kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni na kutumia mikono yake mitupu. Hakuna aliyelisema jambo hilo, si yeye wala mzee wala mimi.

Halafu, mvua zikiwa zimekwisha na watu wako kwenye mavuno ya kahawa, Sekela alifungua bandeji asubuhi akakuta harufu nyingine. Mguu ulikuwa wa moto na wekundu umetoka kwenye kidole ukapanda juu ya kifundo. Ilikuwa Jumamosi. Haya alinieleza yeye mwenyewe baadaye, na mzee akanieleza vivyo hivyo kwa upande wake. Alimwambia kuku kwamba mgonjwa aende hospitali leo. Mzee akamwambia kuku kwamba kliniki ni Alhamisi. Sekela akamwambia kuku kwamba Alhamisi ni mbali. Mzee akasema kuku ameanza kuwa na maneno mengi, na kama mpango ni kumpeleka akakatwe, arudi bandani. Ndipo Sekela aliposhika ncha ya pazia, akalipandisha. Akamwita baba, akasema, "Tata, simama. Tunakwenda." Mzee aliniambia alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile ikimwelekea yeye, na kwamba alisimama kabla hajaamua kusimama. Waliondoka kwa pikapu iliyokuwa ikipakia ndizi barabarani, mzee mbele kwa dereva, Sekela nyuma juu ya mikungu na mtoto wake, amejifunika.

Hospitalini walimpasua siku ile ile. Walitoa kidole gumba na kusafisha usaha, mguu wakauacha. Daktari aliniambia kwamba wangechelewa mpaka Alhamisi asingekuwa na mguu wa kuuacha, na huenda asingekuwa na mgonjwa. Nilipoingia wodini mzee alikuwa ameketi, amevaa kofia, anahesabu vidole vilivyobaki kama anayekagua miche. Aliniuliza kama kidole kile kitazikwa. Nikamwambia watakihifadhi vizuri. Sekela alikuwa nje, chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, na chombo cha uji kwenye mapaja. Uji uliingia wodini kwa mkono wangu.

Lakini Masoko maneno yalikuwa yameshaanza. Watu wawili waliokuwa wakipita waliona pazia limeinuliwa mchana kweupe, mkwe amesimama mbele ya baba mkwe na kumwamrisha. Wanawake wakubwa wa ukoo walimwita Sekela wakamketisha. Kilichosemwa humo sikuambiwa, na sikuuliza. Najua tu kwamba alitoka akiwa na uso wa mtu aliyevuliwa kitu, na kwamba walituma mjumbe hospitalini kumuuliza mzee anataka jambo hilo limalizwe vipi. Nilikuwepo, nafunga bandeji. Mjumbe, binamu yake wa makamo, alizungumza kwa mzunguko mrefu, kwa heshima. Mzee alimwacha amalize. Kisha akasema, "Waambie hakunitazama mimi. Alitazama mguu." Mjumbe akangoja kama kuna lingine. Mzee akanisogezea mguu niendelee kufunga.

Nilipomwona Sekela, kabla hajapata habari hiyo, nilimuuliza tu kwa kutaka kujua: alipoinua pazia, aliona uso wa mzee? Aliniangalia kwa mshangao. Akasema uso angeutazamia nini wakati mguu ulikuwa unapanda wekundu. Mpaka wanaingia kwenye pikapu hakuondoa macho kwenye mguu.

Nilidhani pazia halitarudi. Niliona kwamba limekwishafanya kazi yake, na kwamba watu wawili waliookoana hivyo wataweza sasa kupeana habari za asubuhi bila kuku. Nilimwambia Bi Rehema hivyo, naye akasema ningoje nione. Mzee aliporuhusiwa nilimsindikiza mpaka nyumbani, na kitenge cha bluu kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimetundikwa mahali pake. Sekela ndiye aliyekitundika. Mzee aliingia, akapanda kitandani, akatoa mguu chini yake, na nikamsikia akishusha pumzi kama mtu aliyevua viatu. Ndipo nilipoelewa kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiliona pazia lile kama kitu kinachowatenganisha.

Mwisho wa mwaka nilipata uhamisho. Nilikwenda Masoko kuaga, asubuhi yenye jua, jambo la nadra. Pazia limeshuka, mguu uko kwenye kigoda, kidonda kimefunga, kovu limekauka, ngozi yake nyembamba na laini. Sekela alikuwa ameingia jikoni kuchukua mafuta ya kupaka. Niliketi mahali pake, nikashika mguu juu ya kifundo, kwa mkono mmoja, niugeuze nitazame chini kwa mara ya mwisho.

"Huyu siye," mzee akasema nyuma ya pazia.

Hakumwambia kuku, wala hakuniambia mimi. Alisema tu. Nikabaki nimeshika. Nilijua kwa nini, na ningeweza kumweleza: mishipa ya nyayo imekufa na haitarudi, lakini kutoka kifundoni kwenda juu alikuwa bado anasikia, alikuwa anausikia mkono wa Sekela siku zote zile. Sekela alirudi na kikopo cha mafuta, akasikia mwisho wa maneno, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na sikuwahi kumsikia akicheka kabla. Akanisogeza kwa bega, akaketi, akaushika mguu pale pale nilipokuwa nimeushika. Mzee akanyamaza. Nilisimama pembeni nikimwonyesha kwa kidole, kwa sauti yangu ya kibarazani, ila mara hii niliisikia ikitoka kwangu. "Anzia hapa," nikamwambia, "hapa bado anasikia. Halafu ushuke polepole, mpaka pale asiposikia. Huko ndiko utazame sana."